James Lansing: Bingwa wa besi aliyeshindwa na daftari la hesabu

MSIMU wa mauzo unapofunguka, iwe ni korosho kule Mtwara, kahawa Mbinga au pamba Shinyanga, maduka ya vifaa vya umeme huwa miongoni mwa yanayonufaika haraka. Baada ya mabati na pikipiki, mkulima mwenye fedha mkononi hununua televisheni na sabufa. Mwenye kibanda umiza naye hufanya vivyo hivyo, ila kwake sabufa si starehe bali ni mtaji. Mteja aliyelipa kiingilio ili atazame filamu ya vita anataka bomu likilipuka alisikie kifuani, siyo masikioni tu.

Dukani, mnunuzi huyo hukuta maboksi yamepangwa hadi karibu na dari, kila moja likitangaza wati nyingi kuliko jirani yake. Juu ya baadhi ya maboksi ya bei kubwa, na pia juu ya mengi ya kughushi, kuna herufi 3: JBL. Ni wachache wanaojua kwamba herufi hizo ni jina la mtu. Mtu huyo ni James Bullough Lansing, Mmarekani aliyefariki mwaka 1949 akiwa na umri wa miaka 47, akiacha nyuma kampuni changa iliyolemewa na madeni na spika ya besi ambayo mafundi wa dunia nzima waliendelea kuitafuta kwa miaka mingi baada yake.

Lansing aliijua besi kuliko watu wengi wa wakati wake. Kitu ambacho hakukijua, au hakupenda kukijua, ni hesabu ya biashara.

Alizaliwa Januari 14, 1902 katika jimbo la Illinois, akiwa mtoto wa 9 kati ya watoto 14. Jina lake la kuzaliwa ni James Martini. Baba yake alikuwa mhandisi katika migodi ya makaa ya mawe, kazi iliyoilazimu familia kuhamahama kufuata machimbo. Kwa kipindi fulani kijana James aliishi na familia nyingine iliyoitwa Bullough, na baadaye akalichukua jina hilo liwe lake la kati.

Utundu wake ulianza mapema. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alijitengenezea chupa ya kuhifadhia umeme, akawa anawarusha wenzake kwa shoti. Miaka michache baadaye aliunda mtambo mdogo wa kurushia mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalifika hadi kituo cha jeshi la wanamaji lililokuwa na kambi kwenye Maziwa Makuu ya Marekani, wanajeshi wakamfuatilia na mtambo ukavunjwa.

Elimu yake ya darasani haikwenda mbali. Alisoma kidogo katika chuo cha biashara mjini Springfield, jambo linaloshangaza ukizingatia yaliyompata baadaye, kisha akawa fundi wa magari. Inaelezwa kwamba alipenda zaidi kazi za ndani ya injini, zile zinazohitaji vipimo vya nywele. Mama yake alipofariki Novemba 1924, aliondoka nyumbani na kuelekea magharibi hadi Salt Lake City. Huko alifanya kazi katika kituo cha redio, akakutana na Glenna Peterson aliyekuja kuwa mkewe, na akakutana pia na Ken Decker.

Huyu Decker ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari hii baada ya Lansing mwenyewe. Decker alikuwa mtu wa biashara. Wawili hao walihamia Los Angeles, na Machi 1927 wakasajili kampuni waliyoiita Lansing Manufacturing Company. Ni wakati huo James Martini alipobadili jina rasmi na kuwa James Bullough Lansing. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: mmoja alishika bisibisi, mwingine alishika daftari. Walianza na spika ndogo za inchi 6 na 8 kwa ajili ya redio za sebuleni, soko lililokuwa likikua kwa kasi.

Mwaka huo huo wa 1927 filamu zilianza kuzungumza. Kabla ya hapo sinema ilikuwa bubu, na muziki ulipigwa na mtu aliyeketi ukumbini na kinanda chake. Baada ya hapo kila ukumbi ulihitaji spika, na Los Angeles ndiko filamu zilikotengenezwa. Kwa bahati, karakana ya Lansing ilikuwa jirani na mlango wa mteja mkubwa kuliko wote.

Hata hivyo spika za mwanzo za sinema zilikuwa na kasoro. Sauti za watu zilisikika vizuri kiasi, lakini besi ilikuwa hafifu, na pale ilipoongezwa ilileta tatizo jingine. Spika za besi ziliwekwa ndani ya honi ndefu zilizokunjwa, wakati spika za sauti nyembamba zilikuwa na njia fupi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Besi iliyolazimika kuzunguka mita 2 au zaidi ndani ya honi ilifika kwa mtazamaji ikiwa imechelewa. Mchezaji akipiga kisigino sakafuni mara moja, ukumbini ilisikika kama amepiga mara mbili.

Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti ya kampuni ya filamu ya MGM, hakuridhika na vifaa alivyouziwa na makampuni makubwa. Kuanzia mwaka 1933 hivi alikusanya mafundi akiwamo John Hilliard, na kazi ya kutengeneza spika zenyewe akaipeleka kwa Lansing. Matokeo yake ni mfumo uliojulikana kama Shearer Horn. Spika za besi za inchi 15 ziliwekwa katika boksi kubwa la mbao lenye honi fupi, na juu yake ikawekwa honi ya sauti nyembamba, njia za sauti zikisawazishwa ili zote zifike kwa pamoja. Mfumo huo ulitunukiwa tuzo ya ufundi na chuo cha taaluma ya filamu cha Marekani kwa mwaka 1936. Tuzo ilikwenda kwa Shearer na idara yake. Jina la mwenye karakana halikuwemo.

Mwenye kununua sabufa leo anakutana na tatizo lile lile, ila kwa kipimo cha sebule. Sabufa ikiwekwa nyuma ya kochi huku spika nyingine ziko mbele, kishindo na picha haviendi sambamba na besi hupungua nguvu bila sababu kuonekana. Nyuma ya sabufa nyingi kuna swichi ndogo yenye alama ya 0 na 180. Watu wengi hawaigusi tangu siku ya kununua. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa karatasi ya spika ili usonge mbele pamoja na spika nyingine badala ya kupingana nazo. Ijaribu pande zote mbili ukiwa umekaa pale unapotazamia, na uache upande ambao besi inasikika nzito zaidi.

Mahali pa kuiweka ni jambo jingine. Mitetemo 40 kwa sekunde hutoa wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, yaani refu kuliko sebule za watu wengi. Wimbi kama hilo likigonga ukuta na kurudi, hujumlishana na jingine mahali fulani na kufutana mahali pengine. Ndiyo maana katika kibanda kimoja mteja wa benchi la mbele husikia ngurumo na wa katikati hasikii kitu. Njia rahisi ni hii: weka sabufa juu ya kiti chako cha kutazamia, piga wimbo wenye besi, kisha tembea ukiinama kando ya kuta. Pale besi inaposikika imejaa na haivumi ovyo, hapo ndipo pa kuiweka. Kona huongeza nguvu bure bila kutumia umeme zaidi, ingawa wakati mwingine huleta mvumo unaokera.

Ubunifu wa Lansing ambao haukuonekana kwa macho ya mnunuzi ulikuwa ndani, kwenye koili. Spika ni kitu rahisi. Kuna sumaku, kuna waya uliozungushwa ukawa koili, na kuna karatasi iliyoshikamana na koili hiyo. Umeme ukipita kwenye waya, sumaku huusukuma na kuuvuta, karatasi inatikisika na hewa nayo. Mwanya ambamo koili hukaa ni mwembamba sana, na waya wa duara ukizungushwa humo huacha nafasi tupu kati ya mzunguko na mzunguko, kama machungwa yaliyopangwa ndani ya kreti. Lansing alitumia waya bapa, akauzungusha kwa kuusimamisha kwa ubavu, mzunguko ukalaliana na mwenzake kama karata. Kwa namna hiyo shaba nyingi zaidi iliingia katika mwanya ule ule, na umeme ule ule ukatoa nguvu zaidi.

Ilikuwa kazi ngumu na ya gharama. Ilihitaji mashine maalumu, wafanyakazi waliofundishwa vizuri na uvumilivu. Hapa ndipo tabia yake ya kuchagua njia bora bila kuuliza bei inapoonekana, na hapa pia ndipo mtu kama Decker alipohitajika.

Mwaka 1939 Decker alifariki katika ajali ya ndege.

Kampuni ilianza kuyumba mara moja. Bidhaa hazikuwa zimeharibika na wateja hawakuwa wamekimbia, lakini hakukuwa na mtu wa kudai fedha kwa wakati, kupanga malipo ya wauzaji wa malighafi na kusema hapana pale oda inapokuwa na hasara ndani yake. Ni jambo ambalo vyama vingi vya msingi na vikundi vya wajasiriamali vimelipitia: mweka hazina mmoja anaondoka, na ndani ya misimu miwili hakuna anayejua nani anadaiwa nini. Desemba 1941 Lansing aliiuza kampuni yake kwa Altec, kampuni iliyokuwa ikihudumia mitambo ya kumbi za sinema, kwa dola 50,000. Kampuni mpya ikaitwa Altec Lansing, naye akawa makamu wa rais anayesimamia ufundi.

Miaka mitano aliyokaa Altec ilikuwa, kwa kipimo cha kazi, miaka mizuri kuliko yote. Kulikuwa na watu wa kushughulikia fedha, yeye akashughulikia spika. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa sinema ulioitwa Voice of the Theatre, uliotapakaa katika kumbi za Marekani na kwingineko kuanzia katikati ya miaka ya 1940. Mtu mwingine angeridhika na mshahara. Lansing hakuridhika. Mkataba ulipokwisha mwaka 1946 aliondoka na kufungua kampuni yake mwenyewe Oktoba mwaka huo.

Kampuni hiyo aliipa jina la Lansing Sound. Altec wakalalamika mara moja, kwani walikuwa wamelinunua jina la Lansing pamoja na mashine. Ikabidi aongeze jina lake la kwanza, ikawa James B. Lansing Sound. Mtu aliyelibuni jina mwaka 1927 alijikuta akiomba ruhusa ya kulitumia. Wenye kuuza chapa za asali, mvinyo au viungo wanapokubali mnunuzi wa kiwanda achukue na jina, kipengele hicho cha mkataba hufaa kusomwa mara mbili.

Katika kampuni hiyo ya pili alitengeneza spika iliyoitwa D130. Ilikuwa ya inchi 15, ikiwa na koili ya waya bapa yenye upana wa inchi 4 na sumaku ya aloi mpya yenye nguvu nyingi, Alnico V. Koili pana kiasi hicho haikuwa kitu cha kawaida katika spika ya karatasi. Faida yake inaeleweka na kila fundi wa redio aliyewahi kufungua spika iliyoungua. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye spika haigeuki sauti, hugeuka joto. Katika spika nyingi za nyumbani ni asilimia chache tu zinazotoka kama sauti. Koili ndogo hukosa pa kupeleka joto hilo, gundi inayeyuka, waya unakatika, na usiku wa fainali mwenye kibanda anabaki na wateja wanaodai fedha zao. Koili pana ina eneo kubwa la kupoa.

Aidha, D130 ilikuwa na sifa ambayo wauzaji wa leo hawaitangazi sana. Ilitoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Wakati huo amplifaya zilitumia taa za kioo, na wati makumi machache tu zilitakiwa kuujaza ukumbi wa sinema. Mtengenezaji hakuweza kuificha spika mvivu nyuma ya wati nyingi, kwa sababu wati hazikuwepo.

Leo wati ni rahisi, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Kuongeza wati kutoka 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona kuwa ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezwe mara 10. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 95 kwa wati 1, ikipimwa kwa umbali wa mita 1, hufanya kwa wati 30 kazi ambayo spika ya desibeli 85 itaifanya kwa wati 300. Namba hiyo ya desibeli mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo katika kijitabu, wakati wati huandikwa kwa herufi za dhahabu mbele ya boksi. Zile wati 5,000 au 10,000 zinazofuatiwa na herufi PMPO hazina maana yoyote kwa mnunuzi. Geuza boksi, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaotumika. Kama kinasema wati 60, sabufa hiyo haiwezi kukupa kwa kudumu zaidi ya hizo 60.

Upana wa spika nao una hesabu yake. Besi ni kusukuma hewa, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo hewa nyingi zaidi inavyotakiwa. Ukitoka mitetemo 80 kwenda 40 kwa sekunde kwa ukubwa ule ule wa sauti, karatasi ya spika lazima itembee mara 4 zaidi. Spika ya inchi 15 ina eneo la zaidi ya mara 3 ya ile ya inchi 8, hivyo haihitaji kutembea sana na haichoki haraka. Boksi nalo lina masharti. Mnunuzi hutaka besi iende chini sana, boksi liwe dogo, na sauti iwe kubwa kwa umeme kidogo. Maumbile huruhusu mawili kati ya hayo matatu. Sabufa ndogo nzuri zipo, lakini hulipia udogo wao kwa kula umeme mwingi, na mwenye kutumia sola au jenereta analijua deni hilo kila mwisho wa mwezi. Kwa mwenye kibanda, boksi kubwa la plaiwudi nzito lenye spika ya inchi 15 au 18 huleta faida kuliko boksi dogo linalong'aa. Kwa sebule ya kawaida inchi 10 au 12 inatosha. Ligonge boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama ngoma, besi yake itakuwa ni ya boksi siyo ya spika. Linyanyue pia. Sumaku na mbao nzuri vina uzito, na uzito ni kitu ambacho si rahisi kukighushi kwa kibandiko.

Ikumbukwe kwamba Lansing mwenyewe hakuwahi kulisikia neno sabufa. Sinema za nyumbani zenye njia maalumu ya besi zilikuja baadaye sana, baada ya mfumo wa Dolby Digital kuanza katika kumbi mwaka 1992 na diski za DVD kuuleta majumbani mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Alichofanya yeye ni kuweka misingi yake: karatasi pana, koili pana, sumaku yenye nguvu, boksi gumu.

Misingi hiyo ilikuwa ghali, na kampuni haikuwa na fedha. Biashara yake ilikosa kitu ambacho wachumi hukiita mtaji wa kuendeshea shughuli, yaani fedha za kukaa katikati ya siku unaponunua malighafi na siku mteja anapolipa. Kila spika iliyouzwa ilihitaji sumaku na shaba vilivyokwisha kulipiwa au kukopwa. Oda zilipoongezeka, na shida iliongezeka. Watu wengi hudhani biashara hufa kwa kukosa wateja. Mkulima wa nyanya aliyepata oda ya hoteli inayolipa baada ya siku 60 anajua kwamba inaweza kufa pia kwa kuwa nao.

Alipata msaada. Kampuni ya Marquardt, watengenezaji wa injini za ndege, iliwekeza na kumpa nafasi katika majengo yake. Ilimleta pia mweka hazina wake, William Thomas, kusaidia kuangalia mahesabu. Mmoja wa wauzaji wa sumaku alimpa kwa mkopo. Lakini mwaka 1949 Marquardt yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya matairi ya General Tire, ambayo haikuona sababu ya kuwa na spika. Uhusiano ukavunjwa, na Lansing akabaki tena na kampuni yake, ankara zake na bidhaa yake nzuri. Thomas alichagua kubaki naye.

Lansing alikuwa pia na shamba. Lilikuwa San Marcos, kusini mwa California, zaidi ya kilomita 100 kutoka Los Angeles, katika ukanda unaojulikana kwa miparachichi. Wakulima wa Njombe, Rungwe na Murang'a wanaolima parachichi aina ya Hass wanatumia mti uliotoka jimbo hilo hilo. Rudolf Hass, aliyekuwa akipeleka barua za posta, aliusajili mwaka 1935 na katika maisha yake yote akaambulia dola 5,000 hivi, kwa kuwa wakulima walinunua mche mmoja na kuchukua vikonyo vya kubebesha wenyewe. Inaonekana California ya miaka hiyo haikuwa mahali pazuri kwa mbunifu asiye na mhasibu.

Septemba 1949, katika shamba hilo, James Lansing alijiua. Madeni hayakuwa sababu pekee, kwani waliomfahamu walitaja pia matatizo binafsi, lakini hali ya kampuni ilikuwa mbaya na ilikuwa ikizidi kuwa mbaya. Alikuwa mtu mkimya, aliyependa zaidi kukaa kwenye meza ya kazi kuliko mezani na watu.

Alikuwa ameikatia kampuni bima ya maisha yake ya dola 10,000. Kampuni ikalipwa, na fedha hizo ndizo zilizomwezesha Thomas kuwatuliza wadai na kuendelea. Glenna alikuwa na theluthi moja ya kampuni. Baada ya muda mfupi Thomas aliinunua sehemu hiyo na kuwa mmiliki pekee. Kwa mjane aliyeachiwa kampuni inayodaiwa, huenda ulikuwa uamuzi wa busara kwa siku ile.

Thomas hakuwa fundi na hakujaribu kuwa. Hakuibadili koili ya waya bapa wala hakuipunguza sumaku ili kuokoa fedha. Alichobadili ni namna ya kuuza. Aliajiri wachoraji wazuri wa makabati na kuipeleka bidhaa kwa watu wenye uwezo wa kuilipia. Altec walipoendelea kulalamikia jina la Lansing, mwaka 1955 alilikata likabaki herufi 3. Spika ya D130 iliingia katika amplifaya za magitaa za Fender na ikaendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1969 Thomas aliiuza kampuni kwa Sidney Harman, na mwaka 2017 kundi zima la Harman, JBL ikiwa ndani yake, lilinunuliwa na Samsung ya Korea Kusini kwa dola bilioni 8.

D130 za kwanza, zile zilizotengenezwa Lansing akiwa hai, bado zipo mikononi mwa watu. Karatasi ikichoka fundi huibadili. Sumaku mara nyingi haihitaji kuguswa.